Furu Havuki Mchanga

Kanisani, tulipofika kwenye Baba Yetu, Bwana Samaki alisali kwa sauti nzito iliyosikika hadi kwenye mabenchi ya wanawake upande wa pili. Lakini kila tulipofika mahali pa kuomba msamaha, alinyamaza. Hakukohoa, hakuinamisha kichwa. Alifunga mdomo, akatazama altare, akawasubiri wenzake wamalize kuahidi kwamba wanawasamehe waliowakosea, kisha akaingia tena kwenye vishawishi na maovu kwa sauti ile ile. Nilikaa naye benchi moja kwa miaka kumi na moja. Siku moja tukiwa tunatoka nilimuuliza kwa nini.

"Karani," alisema, "mimi simdanganyi Mungu mbele ya watu."

Jina lake lilikuwa la kazi yake. Siku zile afisa wa kilimo aliitwa Bwana Shamba, na yeye aliyeshughulikia uvuvi akawa Bwana Samaki. Jina lilimkaa hata mkewe, Ma Paskazia, akawa anamwita hivyo hivyo mezani. Alikuwa mrefu, mwembamba, shati lake la kaki limepigwa pasi hadi mikono ikasimama yenyewe. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Waliokutana naye mara moja waliondoka wakisema ni mpole. Waliomfahamu walijihadhari.

Pale Ijuganyondo alikokaa, kulikuwa na jirani aliyesogeza mpaka wa kibanja. Alisogeza hatua mbili tu, aking'oa miti ya mpaka na kuipanda upya, wakati Bwana Samaki yuko safarini visiwani. Bwana Samaki aliporudi alisimama kwenye migomba yake, akaangalia, akaingia ndani kula. Ma Paskazia alimtaka aende kwa wazee wa kitongoji.

"Kahawa haichumwi kwa hasira," alimwambia mkewe. "Inachumwa ikiiva."

Iliiva baada ya miaka minne. Jirani alikuwa anaoza binti. Wakwe walitakiwa kupita na mitungi yao ya rubisi kwenye njia iliyokatiza kibanja cha Bwana Samaki, maana njia nyingine ilipita kwenye tope la bondeni. Asubuhi ya arusi waliikuta njia imefungwa kwa miti mipya, na Bwana Samaki amesimama mbele yake na koti lake la Jumapili, anamsalimia kila mgeni kwa heshima zote. "Kaboneka, waitu. Njia ni ile pale chini." Wakwe waliingia arusini na tope hadi magotini, na mzee mmoja akapoteza kiatu.

Mtu yule yule, jirani alipougua kichomi, ndiye aliyempakia kwenye baiskeli, akaisukuma mlima mzima hadi hospitali ya misheni, akalala naye huko siku mbili. Jirani alipopona alikuja na machozi kumshukuru.

"Usinishukuru," Bwana Samaki alimjibu. "Sikutaka ufe ukidhani nimesahau."

Nilicheka sana niliposimuliwa kisa hicho. Nilikiona ni kisa cha watu wengine.

Mimi nilifika kwenye kituo chetu kidogo cha uvuvi pale Bukoba mwaka uliofuata Uhuru, nikiwa na cheti cha kupiga chapa na suruali mbili. Nilipanga chumba Kashai. Mzungu aliyekuwa mkuu wa kituo alikuwa amekwisha ondoka, kiti chake kikawa kitupu, na kila mtu alikuwa anazungumza juu ya kiti hicho. Wavuvi walimwambia Bwana Samaki kwamba sasa ni zamu yake. Yeye alikuwa na elimu ya darasa la nane, na alijua jinsi mambo yanavyokwenda.

"Mzungu ameondoka," alisema. "Kiti amekiacha. Tusubiri tuone nani atakikalia."

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilikuwa kuhesabu mitumbwi, kupima matundu ya nyavu, na kuwakataza watu kuvua kwa utupa, ile sumu ya majani. Aliifanya vizuri. Lakini kazi aliyoipenda hakuna aliyemtuma. Alikuwa anafuatilia samaki mmoja mdogo, urefu wa kidole cha kati, anayeishi kwenye miamba ya ufukweni. Kwa watu wetu furu ni furu tu: unawatunga kwenye kijiti, unawaanika, mtoto akiugua surua unampa mchuzi wake. Bwana Samaki yeye aliona kwamba furu wa kwenye mawe si yule wa kwenye matete, na hata wa mawe haya si wa mawe yale.

Siku moja alinichukua kwenda kumwona samaki huyo. Ilikuwa saa nne asubuhi, ziwa limetulia, kwenye miamba iliyo kaskazini ya mji. Kabla hatujasukuma mtumbwi alijifunga kamba kiunoni, akaifunga ncha nyingine kwenye ubao wa kukalia.

"Hujui kuogelea?" nilimuuliza. Sikuamini. Mtu amekaa majini nusu ya maisha yake.

"Nijue kwa nini? Siendi kuhamia huko. Naenda kuwatembelea tu."

Alikuwa na sanduku la mbao lenye kioo chini, alilolitengeneza mwenyewe na kuziba pembe zake kwa lami. Aliliweka juu ya maji, akaniambia nichungulie. Sijawahi kuona vile. Mawe makubwa yalilala chini yakiwa yamefunikwa ukoga wa kijani, na kati ya mawe, kwenye kila ufa, alikaa furu dume mmoja wa rangi ya bluu iliyokoza kama wino, mkia wake wa manjano, anausugua ukoga kwa midomo. Akija dume mwingine, anamfukuza hadi ukingo wa jiwe, kisha anarudi haraka. Majike yalikuwa ya rangi ya majivu, na moja lilikuwa limevimba taya.

"Ana mayai mdomoni," Bwana Samaki alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika, kama ya mtu anayeongea karibu na mtoto aliyelala. "Atakaa hivyo hivyo bila kula mpaka watoto wajue kuogelea. Hata ukimtisha, hawatemi. Sasa tazama pale mawe yanapoishia."

Mawe yaliishia kwenye mchanga mweupe. Hakukuwa na furu wa mawe hata mmoja juu yake.

"Hapiti," alisema. "Hapo hana ufa wa kuingilia. Akitoka tu, ndege mnandi anambeba. Chini ya pima tatu haendi, maana huko jua halifiki, na pasipo jua hakuna ukoga. Kwa hiyo amefungwa: juu ufukwe, chini giza, kushoto mchanga, kulia mchanga. Ng'ambo ya mchanga huu kuna mawe mengine. Ni mwendo wa mtu kumaliza sigara moja. Wa huko wana doa jeusi shavuni, hawa hawana. Babu zao waliachana wakati Mungu bado anapanga mawe, hawajaonana tena."

Kwa miaka minane, kwa mtumbwi na baiskeli, alikuwa amepita ufukwe wote kutoka mpakani mwa Uganda hadi pwani za Muleba. Alikuta rasi saba za mawe zenye furu huyo. Alizipa namba, na kila moja ilikuwa na daftari lake: kina cha maji kwa mafundo ya kamba, ukubwa wa mawe, rangi ya mikia, mwezi wa mayai. Rasi ya Saba, kusini kabisa, ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa sababu huko madume yalikuwa na mkia mwekundu kama pilipili. Aliandika mara mbili, na kupiga mstari, kwamba mkia mwekundu haupatikani mahali pengine popote.

Yeye mwenyewe furu hakumla. Ma Paskazia akipika samaki, yeye alikula ndizi na maharage. "Huwezi kumhesabu mtu asubuhi na kumla mchana," alisema.

Kiti kilipata mtu. Alikuwa kijana msomi, amerudi kutoka ng'ambo na viatu vya ngozi visivyopenda matope, na sisi tulimwita Mkuu. Hakuwa mtu mbaya wa kutukana watu. Alikuwa na haraka. Alisikia habari za madaftari, akamwita Bwana Samaki, akamwomba amwazime yote saba ayapitie. Bwana Samaki aliyaleta amefunga kwa kitambaa cha mezani cha mkewe. Alifurahi. Mimi nilimwona akitoka ofisini mle anasugua viganja kama mtu aliyepata barua njema.

Juma lililofuata Mkuu aliniita. Alikuwa amegeuza madaftari yale kuwa ripoti ya Kiingereza kwa mwandiko wake. Nilipiga chapa siku tatu. Sikuhitaji kusoma madaftari kujua maneno ni ya nani. Niliyasikia kwenye mtumbwi. Nilipofika mwisho niliuliza jina la kuweka juu.

"La kwangu," Mkuu alisema.

"Na la Bwana Samaki, waitu?"

Alifikiri kidogo. Kisha akaniamuru niongeze mstari mmoja mwishoni: kwamba wenyeji walisaidia. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa juu ya meza yake, bado haijatiwa sahihi, na wote wawili tuliiona. Nikaongeza mstari. Ijumaa ile akatia sahihi.

Mkuu alipata safari, kisha akapata cheo, akahamia Dar es Salaam. Madaftari hayakurudi. Mwaka uliofuata ripoti ile, sasa kijitabu kilichochapwa vizuri chenye jina la Mkuu, ilikuja kwa posta, na mimi ndiye niliyefungua bahasha. Bwana Samaki alikisoma amesimama dirishani. Kiingereza chake kilikuwa cha polepole, kwa hiyo kilimchukua muda mrefu. Alikifunga.

"Nani alipiga chapa?" aliuliza.

"Labda huko huko mjini," nilisema. "Dar es Salaam."

"Labda," alisema. Akaenda nje kunawa mikono, na aliporudi akaniuliza kama ninapika mwenyewe huko Kashai. Nilisema ndiyo. "Si vizuri," alisema. "Njoo kwangu Jumapili, baada ya misa."

Ndivyo zilivyoanza Jumapili zetu. Ma Paskazia alinipokea kwa akamwani, ile kahawa ya kutafuna ya wageni, akanipa ndizi na samaki kwenye jani, akaniongeza kabla sijaomba. Baada ya kula Bwana Samaki alileta kijitabu.

"Macho yangu yamechoka," alisema. "Tusomee ukurasa mmoja, Karani. Umweleze mama huyu kwa Kiswahili."

Nikasoma. Jumapili iliyofuata, ukurasa mwingine. Tulipofika mwisho tulianza upya. Kila tulipofika kwenye mstari wa wenyeji waliosaidia, aliniomba niurudie, kwa sababu eti hakusikia vizuri. Chakula kilikuwa kinanikwama kooni, na Ma Paskazia alinisogezea maji. Nilijiambia ni huzuni yake, mzee anataka kusikia kazi yake ikisomwa. Mara nyingi nilifumbua mdomo nikiri, na kila mara alisema neno dogo la upole, akaniuliza habari za mama yangu, nikashindwa. Nilioa, nikapata watoto, wote wakawa wanakwenda pale. Kijana wangu wa kwanza, ni yeye aliyemsimamia ubatizo.

Juu ya Mkuu hakusema lolote baya. Wavuvi walipomlaani mbele yake aliwanyamazisha. "Anayefoka amekwisha jilipa," aliwaambia.

Miaka ikapita, Azimio likaja, vijiji vya ujamaa vikaanza. Kwenye pwani ya Muleba iliamuliwa kujengwa kijiji cha wavuvi, chenye ghala la samaki na gati la mawe. Mawe ya karibu yalikuwa ya Rasi ya Saba. Wakati huo huo wageni watano, wataalamu wa samaki, wanne kutoka Ulaya, walikuwa wamesoma kijitabu na walitaka kumwona furu mwenye mkia mwekundu akiwa hai. Mkuu, ambaye sasa alikuwa mtu mkubwa, ndiye angewaleta. Aliandika barua kwa Bwana Samaki kumwomba amchoree ramani ya mahali penyewe, maana madaftari yalikuwa yamepotea katika kuhama, na yeye hakuwahi kukanyaga pwani ile. Mwishoni aliandika kwamba wageni wakiridhika, wataomba mawe ya gati yachukuliwe mahali pengine, na kwamba wakuu wa mkoa wamekubali kuwasikiliza.

Nilimsomea barua hiyo mara mbili. Aliomba karatasi. Alichora ufukwe vizuri sana, kila mto na kila kilima, na alama ya msalaba akaiweka kwenye ghuba ya mchanga iliyo maili nyingi kusini ya Rasi ya Saba.

"Hapo ni mchanga mtupu," nilisema.

"Ndiyo."

"Na wale furu?"

Alikunja karatasi mara tatu, akainyoosha mikunjo kwa ukucha. "Wapo kwingine," alisema.

Hawakuwapo kwingine. Yeye ndiye aliyeandika hivyo na kupiga mstari. Nilimpa bahasha, nikabandika stempu.

Wageni walikuja wakati wa kiangazi. Tulikwenda Muleba na Landrova mbili, na viongozi wa mkoa, na katibu wa kijiji kipya. Siku ya kwanza nyavu zilitoa dagaa. Siku ya pili, ngege wadogo na majani. Mkuu alisimama ufukweni na viatu vyake vya ngozi akisema kwamba maji yamechafuka, kwamba mwezi si mzuri. Siku ya tatu mkubwa wa wageni, mama mmoja wa Kizungu mwenye nywele nyeupe, alitoka majini akiwa amelowa hadi kifuani. Alikuwa na kijitabu mkobani. Alikifungua mbele ya watu wote.

Aliuliza kwa upole, na mimi niliwatafsiria wanakijiji. "Umeandika hapa kwamba furu huyu havuki mchanga. Umeeleza sababu vizuri kabisa. Basi tunafanya nini kwenye mchanga?"

Mkuu alifungua mdomo. Hakukumbuka kwamba aliandika hivyo. Watu thelathini walimwona asijue. Mama yule akamuuliza tena, kama anamsaidia: alipomwona furu, alikuwa upande gani wa jiwe, wa jua au wa kivuli? Mkuu akageuka, akamtafuta Bwana Samaki kwa macho.

"Mzee," alimwambia kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa inaomba. "Waambie."

Bwana Samaki alivua kofia. Alikuwa ameingoja siku hiyo kwa miaka minane, muda ule ule aliotumia kuandika madaftari.

"Nitawaambia nini, Mkuu?" alisema. "Mimi ni mwenyeji tu niliyesaidia."

Mama wa Kizungu alitaka kujua amesema nini. Nilimtafsiria neno kwa neno. Aliangalia ukurasa wa mwisho wa kijitabu, kisha akawaangalia wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akakifunga. Hakuuliza tena. Jioni ile walipakia vitu vyao. Mkuu alikaa kiti cha nyuma, na hakuna aliyezungumza naye hadi Bukoba. Mwaka ule ule nilisikia ameondolewa, ameacha kazi, anauza vipuri vya magari mahali fulani. Sitasema uongo: nilipoona uso wake pale ufukweni nilisikia raha mwili mzima, raha tamu kama ya kunywa maji baada ya kupalilia.

Baruti ilianza kupigwa Rasi ya Saba baada ya majuma sita. Hakukuwa na mtu wa kuomba mawe yaachwe. Kijitabu kilikuwa kimekwisha kuwa kitu cha kuchekwa. Bwana Samaki aliomba twende. Tulifika mchana, vumbi bado linaelea juu ya maji. Furu walikuwa wanaelea pia, tumbo juu, mikia myekundu, wanapigwapigwa na mawimbi kwenye vipande vya mawe. Vijana wa ujenzi walikuwa wanawaokota kwenye ndoo kwa ajili ya mboga.

Alijifunga kamba kiunoni, akaingia majini hadi mapajani na sanduku lake la kioo. Alichungulia saa nzima, kisha akanyoosha mkono, akaokota jike mmoja aliyekufa, akamfungua taya kwa kidole gumba. Mayai yalikuwamo bado. Aliyatazama. Akamrudisha majini taratibu, kana kwamba angeweza kumuumiza.

"Amekataa kuwatema," alisema.

Alirudi pale kila mwezi kwa mwaka mzima. Gati lilijengwa likawa zuri, watu wakalitumia. Furu mwenye mkia mwekundu hakumwona tena. Sikumsikia akijilaumu. Lakini aliacha kuniomba nimsomee kijitabu, na alipostaafu alihama Ijuganyondo, mbali na ziwa, akaenda Izimbya kwenye kahawa na migomba, mahali ambapo maji ni ya kisima.

Nilikwenda kumwona huko mwaka mmoja kabla ya vita na Uganda. Alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage, amekonda zaidi, macho yameingia ndani. Ma Paskazia alikuwa amefariki miezi michache kabla. Alinikaribisha, akaniletea akamwani mwenyewe.

"Nimekuja na mambo mawili, waitu," nilimwambia.

La kwanza lilikuwa hilo la miaka yote. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyepiga chapa ile ripoti, kwamba nilijua ni yake, na kwamba nilimdanganya pale dirishani. Nililia kidogo. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, nikalia.

Aliendelea kuchambua maharage.

"Siku zile tatu ulikuwa unafunga mlango," alisema. "Hukuwa mtu wa kufunga mlango. Nilijua kabla ripoti haijatoka ofisini."

"Ulijua?"

"Ulidhani nilikuita Jumapili zote zile kwa ajili ya mazungumzo yako?" Aliinua macho. Hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Yule wa viatu nilimpata siku moja. Wewe nilikupata kila juma. Nilipenda kukuangalia ukimeza. Paskazia alikuhurumia, aliniambia niache, imetosha. Sikuacha. Hata mtoto wako nilimsimamia ili usipate njia ya kuondoka."

Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba katika dunia hii kuna mtu mmoja niliyemkosea akanipenda bila kujua. Miaka kumi na moja ya chakula ilinipanda kooni kwa mara moja. Nilifikiria mke wangu akimpelekea senene, watoto wangu wakimwita babu.

Sasa niseme jambo la pili. Majuma matatu kabla ya siku ile nilikuwa nimekwenda kisiwa cha Bumbire kwa shughuli za familia ya mke wangu. Upande wa mashariki wa kisiwa, mahali ambapo mitumbwi haikai kwa sababu ya mawimbi, kuna mawe makubwa. Nilichungulia kwa mazoea. Kwenye kila ufa alikaa dume wa bluu, na mkia wake ulikuwa mwekundu kama pilipili. Walikuwa wengi, hawahesabiki. Nilicheka peke yangu juu ya jiwe kama mwendawazimu. Alikuwa amekosea, kwenye mistari yake yote, huo mmoja alikosea, na nilitaka kumwona uso wake atakaposikia.

Niliinuka, nikavaa kofia. Alinisindikiza hadi kwenye miti ya mpaka, akiegemea fimbo.

"Karani," alisema, "ulisema mambo mawili."

Nilimwangalia. Alikuwa mzee sana pale chini ya migomba, na mikono yake ilikuwa na vumbi la maharage.

"La pili nimelisahau, waitu," nilisema.

Hakuuliza tena. Alinitazama, na nadhani alitambua kwamba kuna kitu nimekishika, ingawa hakuweza kujua ni nini. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake njiani.

Hasira yangu ilidumu hadi masika. Ilipokwisha nilipanda Izimbya kumwambia, nikakuta amelazwa hospitali, hamtambui mtu. Nilikaa kando ya kitanda nikamwambia habari za Bumbire mara tatu, kwa Kiswahili na kwa Kihaya, nikiinama karibu na sikio lake, na yeye alikuwa anatazama dari. Nilipokwenda tena Izimbya, nilikuta watu wengi uani kwake wamekaa matanga kwenye majani, nikavua kofia nikaketi nao.